Barua kwa mwanangu kuhusu miguu yake

Mwanangu,

Huku hatujambo. Nasikia tangu uanze kazi ya ofisini umeacha mazoezi, eti nguvu bado unazo. Unazo kweli. Ila misuli hufika kilele karibu na miaka 30, kisha hupungua taratibu, na ukivuka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Mifupa nayo ni hivyohivyo. Ulichojiwekea sasa ndicho utakachokula uzeeni, na aliyeweka kidogo huwahi kufika pale ambapo mtu hainuki mkekani mpaka ashikwe mkono.

Kinachotangulia kupotea ni wepesi. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi haraka ndizo husinyaa zaidi, na mzee akijikwaa hana hata sekunde nzima ya kutupa mguu mbele. Kwa hiyo kutembea hadi kituoni ni kuzuri, lakini hakutoshi.

Chuchumaa siku mbili kwa wiki. Tanua miguu upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Shuka ukihesabu hadi tatu, visigino visibanduke, halafu inuka upesi. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika dakika mbili, rudia mpaka zitimie raundi tatu. Zikiwa rahisi, kumbatia mfuko wa unga wa kilo 5, baadaye kilo 10. Usikimbilie kufanya mara 50 mikono mitupu, utapata pumzi tu. Misuli hukua kwa mzigo. Visigino vikibanduka, mara nyingi ni vifundo vya miguu vilivyokakamaa: weka chini yake ubao wa unene wa sm 2 huku ukivinyoosha kila siku. Magoti yakiingia ndani, mzigo umezidi. (Choo cha kuchuchumaa kilitufanyisha zoezi hili bure. Cha kukalia kimetudekeza.)

Baada ya hapo ruka kamba dakika tatu, maana mifupa huimarika kwa ule mshindo wa kutua. Na dagaa ule wazima na mifupa yao.

Ukienda kwa babu yako, mpime. Egemeza kiti ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Akizidi sekunde 15, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Wewe simama karibu naye asije akadondoka.

Ukirudi uwanjani, usianze na mechi ya Jumamosi dhidi ya vijana wanaocheza kila siku. Kwa wiki nne za mwanzo kimbia polepole, kisha ongeza kugeuka na kusimama ghafla. Goti likijipinda, likalia "pa" na kuvimba ndani ya saa chache, huenda ukano wa ndani ya goti, ule unaoshikanisha mifupa, umekatika. Usilikande kwa maji ya moto wala usikubali kuchuliwa. Weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15, nenda hospitali. Goti la namna hiyo lisipoimarishwa kwa mazoezi ya tiba, hulegea kila ukigeuka, na ndilo huwahi kusagika hata kabla ya miaka 50.

Mama yako