Hip-hop ihakikiwe kwanza, ndipo tubishane kama inafunza

Mhariri,

Mjadala wa hip-hop unapoibuka kwenye kurasa za wasomaji, barua hugawanyika mafungu mawili. Wazazi husema ni uhuni mtupu. Vijana hujibu kwamba nyimbo hizo ndizo zinazowaamsha kwenda kutafuta riziki. Sisi tunaoandika barua hii, mmoja anafundisha fasihi sekondari na mwingine anatengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo, na kurekodi wachanaji (marapa) hapa Ngamiani, Tanga. Tunaona pande zote mbili zimeruka hatua. Hakuna aliyeuhakiki wimbo. Mmoja ameuhukumu kwa suruali ya msanii, mwingine ameubeba kwa korasi.

Na korasi ndiyo sehemu yenye funzo dogo kuliko zote. Imetungwa ishike kichwani na watu waiitikie pamoja, kwa hiyo maneno yake ni machache na mapana: pambana, usikate tamaa, kesho ni yetu. Ukimwambia "pambana" kijana wa Makorora asiye na mtaji, hujamwambia kitu. Madini yamo ndani ya beti, na mara nyingi kwenye ubeti wa pili au wa tatu, ambako msanii ameshamaliza kujitambulisha na sasa anasimulia. Huko wengi hufika kwa masikio tu.

Sababu yake ni ya hesabu. Ubeti wa kawaida wa hip-hop una mistari 16, kila mstari mapigo manne. Biti ikienda kwa mapigo 90 kwa dakika, ubeti mzima unakwisha ndani ya sekunde 43 hivi. Mchanaji asiye na haraka huweka silabi 10 hadi 14 katika mstari mmoja. Tukichukua 12, ubeti una silabi 192. Sasa linganisha na tarbia yetu ya mizani 16: mishororo minne, silabi 64. Maana yake mchanaji anakumwagia beti tatu za tarbia kwa muda usiotimia dakika, tena juu ya ngoma. Hakuna mwalimu anayeweza kusoma mbio, mara moja tu, beti tatu za Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, kisha akamdai mwanafunzi dhamira.

Kwa hiyo kazi inaanza na daftari. Chagua wimbo mmoja, si kumi, na kwa kuanzia uwe wa Kiswahili. (Nyimbo za Marekani zina misimu ya mitaa ambayo programu za kutafsiri huifasiri neno kwa neno, na kijana anabaki na shauri ambalo msanii hakulitoa.) Usikie wote mara moja bila kuandika chochote. Mara ya pili simamisha kila baada ya mistari miwili na uandike ulichosikia. Kama mchanaji ana kasi, punguza mwendo wa kichezeo hadi 0.75. Mara ya tatu pitia ulichoandika na usahihishe. Ubeti mmoja huchukua kama nusu saa ukifanywa hivi. Anayesema hana nusu saa asidai kwamba wimbo umembadilisha.

Msinakili maneno kutoka mtandaoni bila kuyalinganisha na sauti. Kurasa nyingi huandikwa na mashabiki, na kosa la silabi moja katika Kiswahili linageuza shauri juu chini. "Nikirudi" na "nisirudi" zinatofautiana kwa konsonanti moja. Fundi wa studio analijua hili vizuri: sauti ya "s" na "sh" iko kwenye masafa ya juu, palepale yanapogonga matoazi ya ngoma, haiheti, kwa hiyo zikipigwa pamoja moja huimeza nyingine. Kwenye spika ya bodaboda hutasikia tofauti. Tumia spika za masikioni, sauti ndogo, na ukiwa na shaka sikiliza mstari unaofuata. Sentensi iliyosikika vibaya huwa haiungani na ya mbele yake.

Baada ya hapo swali la kwanza ni lilelile linaloulizwa darasani: nafsi neni, yaani anayesema ndani ya wimbo, ni nani? Hapa ndipo panapoharibikia wengi, wazazi na vijana vilevile. "Mimi" anayesema ndani ya wimbo si lazima awe msanii. Mfano unaojulikana nchi nzima ni "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, ambamo anayesema ni mwanasiasa anayemwaga ahadi za ajabu na umati unaitikia tu. Anayeusikia kama sifa kwa mwanasiasa amekosa wimbo mzima. Ni kejeli, na funzo liko kwa wanaoitikia kuliko kwa anayeahidi. (Kwamba msanii mwenyewe baadaye alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, kuanzia 2015 hadi 2020, ni utamu wa historia, lakini hakubadilishi uhakiki.) Kijana akikuta "mimi" anauza unga (dawa za kulevya) au anampiga mtu, aulize: anasifiwa, anachekwa, au anaonyeshwa mwisho wake? Jibu huwa kwenye ubeti wa mwisho.

Watu wa Tanga wasijifanye wageni wa jambo hili. Huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na mama zetu waliokaa kwenye taarabu walijua fika kwamba "wewe" wa kwenye wimbo anaweza kuwa jirani, mke mwenza au mume aliyeketi palepale. Sikio hilohilo lipelekwe kwenye hip-hop.

Swali la pili ni la majigambo. Hip-hop ilizaliwa kwenye sherehe za vijana wa Bronx, New York. Siku inayotajwa kuwa ya mwanzo ni 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Kazi ya mshika kipaza sauti ilikuwa kuchangamsha umati na kumzidi mwenzake. Kujisifu ni kanuni ya uwanja, kama majigambo ya fasihi simulizi tunayofundisha shuleni. Mtu akijiita simba, hajakupa mpango wa maisha. Shida ni pale kijana anapoyachukua majigambo kama hatua za kufuata: ananunua viatu kwa mkopo kwa sababu rapa ametaja viatu.

Swali la tatu ni la vina, na hili watu hawalitazami kabisa. Kiswahili kina vina rahisi mno. Karibu kila neno linaishia na irabu, na viambishi vya vitenzi vinafanana, hivyo mtunzi mvivu anaweza kujaza mistari minane kwa "-eza" bila kusema kitu. Wapo pia watunzi wazuri waliokwama, wakaingiza mstari wa kujazia. Ondoa neno la mwisho, weka jingine lenye maana ileile lakini lisilo na kina. Kama mstari bado una uzito, una wazo. Kama umebaki mtupu, ulikuwa pale kwa ajili ya kina, usiujengee nyumba.

Tuonyeshe kwa mistari minne tuliyoitunga wenyewe kwa ajili ya barua hii, tusimguse msanii wa mtu:

Saa kumi alfajiri, Deep Sea najipenyeza,
Nakopa ndoo ya dagaa, tajiri ananibeza,
Jioni namlipa chake, mtaji naongeza,
Mjini mimi ni simba, nani ataniweza?

Ukiwauliza vijana kumi wakutajie mstari uliowagusa, wengi watakutajia wa nne, kwa sababu ndio unaopigiwa kelele. Uufanyie jaribio la kina: "Mjini mimi ni simba, nani atanishinda?" Kilichobaki ni mlio wa simba. Hauna cha kufanyia kazi. Mstari wa kwanza unatoa saa na mahali (Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga), nayo ni habari ya kweli, maana anayefika sokoni jua limepanda hukuta samaki wazuri wameondoka. Wa pili una mgogoro: bidhaa ya mkopo, na dharau inayokuja na mkopo. Funzo limejificha kwenye mpangilio wa mstari wa tatu. Kwanza "namlipa chake", kisha ndipo "naongeza". Deni linatoka kabla faida haijaguswa. Kuna pia neno "jioni": siku hiyohiyo.

Hapo hatujamaliza, kwa sababu wimbo umenyamaza kuhusu mengi. Dagaa wasipoisha je? Mvua ikinyesha wasikauke? Hakuna barafu, hakuna nauli ya kurudi, hakuna ushuru. Msanii hakosi kwa kunyamaza. Ana sekunde 43. Mwenye kosa ni msikilizaji anayekopa ndoo kesho yake kwa sababu wimbo umesema. Kabla ya kufuata shauri lolote la fedha, afya au ndoa lililomo kwenye wimbo, lipeleke kwa mtu anayeifanya kazi hiyo umuulize wimbo umeacha nini. Muuza dagaa wa Deep Sea atakujazia mapengo hayo kwa dakika tano.

Kisha funzo liandikwe upya liwe tendo lenye saa, mahali na kiasi. "Nitakuwa na nidhamu ya fedha" haliwezi kukaguliwa. "Kila jioni, kabla sijanunua chochote, nitamlipa anayenidai, halafu nitatenga shilingi 2,000" linaweza. Tuseme mkopo ni 40,000, mauzo 52,000, nauli na mifuko 5,000. Mkononi zinabaki 7,000. Ukitenga 2,000 bado una 5,000 za nyumbani. Siku mauzo yakiwa 43,000, nauli na mifuko haijarudi yote na akiba haipo kabisa. Kwa hiyo sentensi yako inahitaji nyongeza: siku ya hasara natenga sifuri, lakini naandika. Jaribu kwa wiki mbili, kisha amua kama tendo linabaki, linarekebishwa au linafutwa. Wimbo hautakasirika.

Kuna funzo la aina nyingine, lisilohusu mtu binafsi, na Tanga tuna haki ya kulisemea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi la Wagosi wa Kaya, wana wa hapa, waliimba "Tanga Kunani" na "Wauguzi". Vijana wa leo wanazijua kama nyimbo za kuchekesha, kwa sababu ya lafudhi na vichekesho. Ukizihakiki utaona somo la jinsi raia anavyotoa malalamiko: anataja mahali, anataja huduma, halafu anauliza swali ambalo mhusika lazima alijibu. Anayekwenda kwenye mkutano wa mtaa kulalamikia mtaro ulioziba angejifunza zaidi hapo kuliko kwenye hotuba nyingi. Mchanaji Roma naye ametokea mji huuhuu, na nyimbo zake za siasa zinadai uhakiki wa namna hiyo, pamoja na uangalifu wa ziada: madai ya jambo la kweli yathibitishwe nje ya wimbo, kwani mchanaji si mwandishi wa habari na wala hajawahi kusema kwamba ni.

Kwa walimu wenzetu neno moja. Fani na maudhui, msimamo, migogoro, tamathali za semi, vyote mnavyofundisha kidato cha tatu na cha nne vinatosha kabisa kwa kazi hii. Usianze kwa kuuliza kama wimbo ni mzuri au mbaya, darasa litagawanyika na kipindi kitaisha. Toa ubeti mmoja ubaoni bila jina la msanii, wauhakiki, halafu ndipo uucheze. Wakijua jina mapema wanamtetea shujaa wao. Na usichague wimbo wa bifu, ule wa ugomvi wa wasanii: nusu ya mistari inajibu wimbo mwingine, na asiyeujua ule wa kwanza hana atakachoelewa zaidi ya matusi.

Wazazi nao wanaweza kujaribu njia rahisi kuliko kuzima redio. Mwambie mtoto akuandikie ubeti mmoja wa wimbo anaoupenda, kwa mkono, akueleze nani anasema na anataka nini. Akishindwa, umejua kwamba anapenda biti tu, na biti haina dhambi. Akiweza, mna mazungumzo ya jioni nzima, hata kama hukubaliani na mstari hata mmoja.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni robo ukurasa kwa wiki: mistari michache ya ubeti mmoja, uhakiki wake mfupi, na jibu la mtu anayefanya kazi iliyotajwa kwenye ubeti, awe mvuvi, dereva wa daladala au mkulima wa mkonge wa Pongwe. Kunukuu mistari michache kwa ajili ya uhakiki, msanii na wimbo vikitajwa, ni jambo moja. Kuchapa wimbo mzima ni jingine, na hilo linahitaji idhini ya mwenye haki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wanaweza kuwaelekeza namna ya kumpata mwenye haki. Tunashauri muwaulize mapema, maana wimbo mmoja unaweza kuwa na mtunzi wa maneno, mtengeneza biti na mwenye rekodi, watu watatu tofauti, na ruhusa ya mmoja haiwafungi wengine.

Wasomaji wenu wawili,
Ngamiani, Tanga