Barua kwa wazazi na walezi: Krismasi hii tunakutana tena

Moshi, Desemba 2022

Ndugu mzazi/mlezi,

Habari za kazi na za nyumbani. Sisi hapa shuleni hatujambo. Watoto wamemaliza mitihani ya kufunga mwaka, na ripoti zao ziko tayari.

Nakuandikia hasa kukualika. Siku ya kufunga shule, kuanzia saa nne asubuhi, tutasherehekea Krismasi uwanjani shule nzima: wanafunzi, walimu, wazazi, bibi na babu. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila mwaka mpaka 2019. Tangu hapo hatujakaa pamoja namna hiyo, na nimeingoja siku hii kwa hamu kubwa.

Mnaikumbuka Machi 2020. Tarehe 16 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona (Uviko) nchini, aliyekuwa Arusha baada ya kushukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Ugonjwa tuliokuwa tukiusikia redioni ukawa umeshatua kwenye uwanja wetu wa ndege. Tulipofungua tena tarehe 29 Juni, watoto walipanga foleni getini kwenye ndoo za maji tiririka, na wengine walikuja na barakoa za kitenge zilizoshonwa na bibi zao. Sherehe za kufunga shule tukaziacha. Ripoti mlizifuata ofisini, mmoja mmoja, mkasaini na kuondoka.

Watoto walioingia darasa la kwanza Januari mwaka ule sasa wanamaliza la tatu. Hawajawahi kuimba mbele ya wazazi wao hapa shuleni. Wiki iliyopita, kwenye mazoezi ya kwaya, mmoja wao alimuuliza mwalimu, "Wazazi watakaa upande gani?" Alipoonyeshwa, alitoka katikati ya mstari akaenda kusimama mwisho kabisa, upande ule, ili aonekane. Mtoto huyo analelewa na bibi yake. Mama yake yuko Dar es Salaam.

Kwa hiyo maneno haya nawaelekeza zaidi ninyi mlio mbali: Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, popote kazi ilikowapeleka. Najua baadhi yenu hamkupanda kuja nyumbani Krismasi mbili zilizopita, na sababu ilikuwa upendo. Mliogopa kuwaletea wazee ugonjwa. Mlituma hela, mkapiga simu, watoto wakavaa nguo mpya na kushukuru. Lakini mwalimu huwaona watoto Januari. Aliyekaa na mzazi wake walau siku chache husimulia mpaka mwalimu amwambie basi. Aliyetumiwa zawadi tu huionyesha, kisha hukaa kimya. Mwaka huu, kama inawezekana, njooni wenyewe, na njooni mapema, msisubiri tarehe 24. Mnajua mabasi ya kuja Kilimanjaro yanavyojaa Desemba, kwa hiyo kata tiketi sasa. Ipo pia treni, iliyorudi Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20. Wenye magari binafsi, nawaomba sana msikimbizane barabarani.

Wapo ambao hatutawaona tena. Kuna misiba tuliyoambiwa ni "changamoto ya upumuaji", tukazika haraka, watu wachache, na wengine hawakuwahi hata kufika kutupa udongo. Watoto wetu walipoteza mababu, mabibi, na wengine wazazi, na sidhani kama walipata nafasi ya kutosha ya kulia. Kabla ya kwaya kuanza tutasimama kimya na kuyasoma majina ya wapendwa hao, moja moja. Anayetaka jina la mtu wake lisomwe ampe mwalimu wa darasa, hata kwa ujumbe wa simu. Baada ya hapo tutaimba kwa nguvu zote, maana watoto wamejiandaa kuimba kwa furaha na hawastahili kunyimwa.

Kuna jambo jingine ambalo si la shule, ila mtanivumilia. Baada ya vifo hivyo, nyumba kadhaa zimeingia kwenye ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Krismasi ndiyo siku ndugu wote wapo, na ndiyo siku maneno hulipuka, mara nyingi mbele ya watoto. Mtoto aliyemsikia baba yake akitukanwa na baba mkubwa kwa sababu ya mpaka huja nalo darasani, nimeliona mara nyingi. Wazee wetu walituachia jani la sale ili mtu aliyekosa aende nalo kwa ndugu yake kuomba msamaha, na aliyekosewa alipokee. Migombani sale bado yapo. Mkaliongee jambo hilo watu wazima peke yenu, liishe, kisha mle pamoja na watoto.

Chakula cha sherehe kitapikwa hapa hapa: mtori, wali, ndizi na nyama. Wazazi Waislamu, mmealikwa kama wengine wote, kwa sababu Idi huwa tunakula kwenu. Mbuzi watachinjwa na Mwislamu, kama ilivyo desturi yetu, ili kila mtoto ale sahani ileile bila kuuliza. Mchango ni wa hiari. Mwenye mkungu alete mkungu, mwenye maharage alete maharage, na asiye na kitu aje asubuhi na kisu, kwa kuwa ndizi za kumenya ni nyingi na mikono inahitajika. Hakuna mtoto atakayekosa chakula kwa sababu nyumbani kwao hawakuchangia.

Ndoo za maji na sabuni zitabaki getini. Majirani zetu Uganda wanapambana na Ebola tangu Septemba, na kunawa mikono ni tabia ambayo watoto wameshaizoea, tusiwapotezee. Anayekohoa au mwenye homa apumzike nyumbani, tutampelekea chakula. Wazee ambao hawajachanjwa Uviko bado wanaweza kupata chanjo kwenye vituo vya afya. Mtoto aliyekuja likizo amsindikize bibi yake.

Wazazi wa darasa la saba, watoto wenu waliofanya mtihani tarehe 5 na 6 Oktoba wanakaribishwa pia. Hatukuwaaga ipasavyo, na wamepewa nafasi ya kuimba wimbo wao.

Likizoni wasikilizeni wakisoma kidogo kila siku, hata gazeti la zamani. Wapeni kazi za shambani na jikoni. Wasionjeshwe mbege, pombe yetu ya ndizi, hata kama babu amesema ni kidogo tu, na wasipakiwe watatu kwenye bodaboda.

Shule itafunguliwa Jumatatu, tarehe 9 Januari 2023. Tafadhali tengeni hela ya sare na madaftari kabla sikukuu haijaimaliza. Viti vya shule havitatosha siku hiyo, hivyo mwenye mkeka au kigoda aje nacho. Walio mbali wampigie mwalimu wa darasa kumjulisha kama watafika, ili tujue tupike kwa watu wangapi.

Nawatakia Krismasi njema na safari salama.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu