Anayeanza kubeti asikabidhiwe roboti

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako wa Moshi aliandika wiki iliyopita kwamba kijana anayeanza kubeti aachane na kupanga mikeka (orodha za mechi anazobashiri) kwa mkono, atafute roboti, yaani programu inayoweka dau yenyewe. Hoja yake kubwa ni kwamba mashine haina tamaa, haina timu, na haikasiriki mkeka ukichanika. Hapo sibishani naye. Mimi ni Simba, na ukiniuliza kama Simba itashinda Jumamosi, jibu langu unalijua kabla sijafungua mdomo. Ila kukosa tamaa ni jambo moja na kuujua mpira ni jambo jingine, na barua yake yote haikusema ujuzi huo roboti inautoa wapi.

Naandika kama fundi simu. Nina meza yangu hapa Ngarenaro, na roboti hizo huletwa kwangu niziweke, hasa kuanzia mwezi wa nne, masika yanapowapunguza watalii na wapagazi wa mlimani wakabaki vijiweni kusubiri msimu. Kipindi hicho, kitu kinachoahidi kuingiza hela simu ikiwa mfukoni lazima kipate wateja.

Roboti za kweli zipo, nisije nikaonekana napinga kila kitu. Uingereza kuna soko linaitwa Betfair, lilianza mwaka 2000. Pale unabeti na mtu mwenzako: wewe unasema Arsenal atashinda, mwingine anasema hashindi, na kampuni inakata kamisheni yake kwa anayepata. Bei, yaani odi, ile namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda, zinapanda na kushuka kama nyanya za soko la Kilombero siku ya mvua, na wapo watu walioandika programu za kuzivizia kwa kasi ambayo kidole hakiwezi. Lakini programu hiyo haiwazi. Inafuata masharti: bei ikifika hapa ingia, ikigeuka pale toka. Masharti kayatunga mtu. Kama mtu huyo hajui kwa nini 2.10 ni bei nzuri na 1.90 ni mbaya kwa mechi ileile, programu itakosea kwa niaba yake usiku na mchana bila kuchoka.

Vijana wetu wanawaweka Brighton na Brentford kwenye mikeka kila wiki. Wengi hawajui kwamba mwenye Brighton, Tony Bloom, utajiri wake umetokana na kubeti, na mwenye Brentford, Matthew Benham, vivyo hivyo. Bloom alisoma hesabu Chuo Kikuu cha Manchester, Benham alisoma fizikia Oxford, na kila mmoja ana kampuni inayochambua mechi kwa takwimu na kompyuta. Nilimsimulia haya chalii mmoja wa bodaboda, akaruka: "Si unaona, fundi? Kumbe inawezekana!" Inawezekana, ndiyo, kwa watu walioanza na hesabu, kompyuta ikaja baadaye. Mmarekani Bill Benter, aliyekuja kuvuna mamilioni ya dola kwenye mbio za farasi Hong Kong kwa programu yake, alipoanza na mwenzake katikati ya miaka ya 1980 walipoteza sehemu kubwa ya mtaji kabla hesabu zao hazijakaa sawa. Na wao ndio walioiandika programu! Huyu wetu kainunua kwenye kundi la Telegram, na aliyemuuzia hajawahi hata kumwona sura.

Tena huku kwetu kijana habeti na mtu mwenzake. Anabeti na kampuni, na kampuni imeshajikatia chake ndani ya odi. Chukua soko la pande mbili zinazolingana, magoli mengi au machache, kila upande umepewa 1.85. Ingekuwa haki kamili ingekuwa 2.00. Kwa hiyo kila shilingi 1,000 unayoweka, ukirudia mara nyingi, inakurudia wastani wa 925. Ukiunganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, makato yanazidishana, na 1,000 yako thamani yake inabaki kama 460 kabla mpira haujapigwa. Roboti inaweza kuweka mkeka huo kwa nusu sekunde. Makato yako palepale.

Msomaji wa Moshi alisifu sana roboti zinazoongeza dau mara mbili kila unapopoteza, kwamba ukishinda mara moja tu umerudisha zote. Achukue kalamu. Kwa odi ya 1.85, anza na 1,000, poteza. Weka 2,000, poteza. Weka 4,000, poteza. Weka 8,000, ushinde. Umelipwa 14,800, na uliyotoa mfukoni ni 15,000. Umeshinda na bado una hasara ya 200. Kwa odi ya 2.00 kweli zinarudi na faida ya 1,000, mradi usipoteze mara 10 mfululizo, kwa sababu hapo umeshamwaga 1,023,000 na dau linalofuata ni 1,024,000. Mtu anayebeti kwa mkono mwisho wa wiki anaweza kukaa muda mrefu sana asikutane na mkosi huo. Mashine inayocheza usiku kucha itakutana nao mapema.

Na hapa ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Kwa anayeanza, ule uvivu wa mkono ni kinga. Unapanga mkeka Ijumaa, unasubiri mpaka Jumapili, unapoteza elfu yako, unanuna, unakaa siku mbili tatu bila hamu. Katikati ya kununa huko ndimo mtu anajifunza, au anaacha. Sasa angalia kile kindege cha Aviator, ambacho wachalii wa hapa mjini hawakiachi: kindege kinapaa, namba ya kuzidisha dau lako inapanda nacho, na usipotoa hela kabla hakijatoweka umepoteza. Mchezo wenyewe una kitufe cha kujiwekea dau na cha kujitolea hela kikifika namba uliyochagua, kwa hiyo hata roboti ya kununua huihitaji. Wenye mchezo wanasema wazi kwamba unawarudishia wachezaji asilimia 97 ya madau. Wengi wanasikia 97 wanaona ni karibu na 100. Tuseme kwa mfano umekiacha kicheze raundi mbili kwa dakika, elfu moja kila raundi, kwa muda wa saa nane umelala. Hizo ni raundi 960, umezungusha 960,000, na asilimia 3 yake ni 28,800. Hiyo ndiyo hasara ya wastani ya usiku mmoja, kwa mtu ambaye kwa mkono angeweka elfu tano wiki nzima. Wala hana la kujifunza asubuhi zaidi ya kukuta salio limepungua.

Hayo yote ni kuhusu roboti zinazofanya kazi. Nyingi ninazoletewa hazifanyi.

Zinazouzwa zaidi ni zile za "kutabiri" kindege, zinazoonyesha raundi zijazo kitafika ngapi. Mchezo ule matokeo ya kila raundi yanatokana na mbegu ya seva, yaani namba ya siri ya kompyuta ya mchezo, ikichanganywa na mbegu (namba) za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika raundi hiyo. Maana yake, raundi ya kumi kutoka sasa haijazaliwa. Hao watu watatu hawajabofya bado. Anayekuonyesha namba za raundi zijazo leo amezitunga.

Kwa nini basi azitunge, na programu zenyewe mara nyingine anazigawa bure? Ifungueni programu muone inaomba ruhusa gani. Ile niliyoletewa na huyo wa bodaboda ilikuja kama faili la WhatsApp, haitoki kwenye duka la programu, na simu yake ilikuwa imeikataa. Ndiyo sababu alinijia: "Fundi, inagoma, nilazimishie." Ilitaka kusoma meseji. Ilitaka kuonekana juu ya programu nyingine. Ikataka na ile ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu, ambayo inaiwezesha programu kusoma kilichopo kwenye kioo na kubofya badala yako.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "roboti ya kindege inasoma meseji za nini?"

"Labda inaangalia kama hela imeingia."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Meseji za pesa za simu zinataja salio. Msimbo wa kubadilisha nywila ya akaunti unakuja kwa meseji. Namba ya siri unaiandika kwenye kioo kilekile ambacho programu imeruhusiwa kukisoma. Sikuiweka, na akaondoka amenuna, akiamini namwonea wivu. Mafundi wengine wataiweka kwa elfu mbili na sina la kuwafanya.

Ndugu Mhariri, gazeti lako limetoa nafasi kwa ushauri wa Moshi, na sikatai, kila mtu ana haki ya kusikika. Ila ningependa msomaji huyo atuletee taarifa ya akaunti yake ya kubeti ya mwaka mzima, yenye madau yaliyoingia na yaliyotoka, siyo picha za mikeka iliyotiki. Nayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo chini ya Sheria ya mwaka 2003 inasimamia kampuni zenye leseni, ingetusaidia kutoa tangazo redioni kuhusu hawa wauza roboti. Wapagazi wetu hawasomi tovuti za serikali. Redio wanasikiliza.

Kwa ambaye ameshaiweka: zima data kwanza. Nenda kwenye mipangilio, iondolee ruhusa, kisha uifute. Ikiwa kila ukifungua mipangilio inakufungia ukurasa, washa simu kwa hali salama, ambapo programu za kuongeza hazifanyi kazi, ndipo uifute. Namba ya siri ya pesa za simu na nywila ya akaunti ya kubeti zibadilishe ukitumia simu nyingine, laini yako ukiihamishia humo kwa muda. Ikishindikana kabisa, hifadhi picha na namba zako pembeni, urudishe simu ilivyotoka kiwandani.

Fundi simu,
Ngarenaro, Arusha
(Jina langu unalo, naomba usilichapishe.)