Risala ya wazazi wa watoto wenye selimundu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Selimundu Duniani, 19 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Viongozi wa dini, wauguzi, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha. Nawe tunakushukuru kwa kukubali mwaliko, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Miaka iliyopita tuliletewa wawakilishi. Walitusikiliza kwa makini, wakaahidi kufikisha ujumbe, na sisi tunaamini bado wako njiani.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la wodi ya watoto, akina mama wakiuliziana habari za damu. Leo kina katiba, mhuri, akaunti ya benki na viti vya plastiki, vikiwemo hivyo mlivyokalia meza kuu. Tumeielimisha wilaya nzima kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye bodaboda siku za gulio. Mahitaji ya ofisi, turubai na sare tumeyaondoa kwenye risala hii makusudi, kwa kuwa uzoefu umetufundisha kwamba tukiomba vitano, tunapewa turubai.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Kila mtoto anayezaliwa katika wilaya hii apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini, na aliyezaliwa nyumbani apimwe anapoletwa chanjo ya wiki ya 6.

Wenzetu wa Ulaya wanauhesabu ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa adimu, na bado Uingereza hupima kila mtoto kwa tone la damu ya kisigino. Huku Kanda ya Ziwa si adimu hata kidogo. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipopima upya kadi za damu kavu zilizokwisha kuchukuliwa kwa watoto wachanga kwa ajili ya kipimo cha VVU, walikuta takriban mtoto 1 kati ya 100 ana selimundu, na karibu 1 kati ya 5 amebeba kinasaba chake bila kuugua. Nchi nzima, makadirio ni watoto wasiopungua 11,000 kwa mwaka.

Mtoto huyo huzaliwa mzuri, ananyonya, anaongezeka uzito. Damu aliyotoka nayo tumboni humkinga miezi ya mwanzo. Ikishapungua, vidole vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, homa inampanda, na bibi anasema karogwa. Wapo kati yetu waliozunguka kwa waganga, wengine wakatibiwa malaria isiyokwisha, na wapo waliozika kabla hawajalijua jina la ugonjwa. Wapo pia akina mama waliorudishwa kwao kwa kuambiwa wameleta damu mbaya, ilhali kinasaba hutoka kwa baba na mama wote wawili. (Akina baba waliohudhuria leo tunawapongeza. Mnahesabika.)

Anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini akiwa na miezi 2 hadi atimize miaka 5, hupewa chanjo ya nimonia kwa wakati, mama hufundishwa kupapasa bandama na kukimbia hospitali homa inapoanza, na baadaye huanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa. Hakuna hapo jambo linalohitaji ndege kwenda India.

Tunajua tutajibiwa kuwa kipimo kipo. Kipo, Mheshimiwa, kile cha sikling, cha kuangalia kama chembe za damu zinajikunja kama mundu. Lakini hakitofautishi mgonjwa na aliyebeba kinasaba tu, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hana kumbe anao. Mama anarudi nyumbani akishangilia jibu lisilo sahihi. Tunachoomba ni vile vipimo vya haraka vya tone moja la damu, vinavyotoa jibu papo hapo muuguzi akiwa na mtoto mkononi, na wanaokutwa nao wathibitishwe maabara ya rufaa. Muuguzi yupo, mtoto yupo, kadi ya kliniki ipo. Kinachokosekana ni boksi.

Boksi hilo lina historia. Mgeni rasmi mmoja alilitangaza hapa kwa sauti, tukapiga vigelegele, tukapiga na picha. Aliyemfuata akasema liko kwenye mchakato. Tulipofuatilia tukaelekezwa tuandike barua, tukaandika. Tukaambiwa barua haikupitia kwa mtendaji, tukaipitisha. Nakala zote zenye mihuri ya kupokelewa ziko kwenye bahasha ya kaki iliyo mbele yako. Hatulaumu mtu, tumekurahisishia kazi tu.

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, siku 12 kutoka leo. Kwa heshima zote, tunaomba Mganga Mkuu atusomee hapa hapa kama vipimo hivyo vimo katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na katika oda ya Bohari ya Dawa. Kama vimo, tunaomba mwezi vitakapofika. Kama havimo, tuambiwe hivyo hivyo, tujue mlango wa kwenda kugonga. Katibu wetu amekaa kulia kwako na kalamu, na chakula kitaandaliwa mara baada ya jibu.

Tunaomba kuwasilisha.