Giza na Mbalamwezi

Igombe, Mwanza
2 Desemba 2025

Ndugu yangu Bahati,

Mwangaluka! Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu mimi na wewe huishia kwa Simba na Yanga, habari yenyewe ikabaki njiani. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema zabibu za Dodoma ulizomwahidi Pasaka labda bado zinakua shambani.

Uliniuliza kama ile nyotamkia ya Oktoba niliiona, na kama kweli ni ya kijani kama kwenye picha ulizonitumia. Niliiona. Kijani sikukiona. Kwenye darubini yangu ya macho mawili ilikuwa doa la kijivu, kama pumzi uliyopulizia kioo, katikati pameng'aa kidogo, na kimkia kifupi kimeelekea juu, upande wa pili wa jua. Kamera hukusanya mwanga sekunde nyingi ndipo rangi ijitokeze. Jicho letu gizani ni bahili wa rangi. Ningekueleza haya kwa ujumbe mfupi ungesema nimeona uchafu wa lenzi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 24. Nyotamkia hiyo inaitwa Lemmon, kwa kuwa iligunduliwa Januari mwaka huu kutoka Mount Lemmon, Arizona, huko Marekani. Tarehe 21 ilikuwa imetukaribia kuliko siku zote, kilomita kama milioni 90, na mwezi usiku huo haukuwepo kabisa. Giza la kutosha tulikuwa nalo. Shida ni kwamba kwetu huku ilikaa chini mno, kaskazini-magharibi, karibu na maji. Jua linazama, unasubiri giza liive, na kitu chenyewe nacho kinawahi kuzama. Unabaki na kama nusu saa. Na nusu saa hiyohiyo ndiyo wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao.

Nikainua darubini, nikaipata mara moja, nikapiga kelele watu wote wa mwaloni, pale wavuvi wanapovutia mitumbwi, wakageuka. Kisha nyotamkia yangu ikaanza kwenda kushoto. Ilikuwa taa ya mtumbwi kwenye ukungu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alicheka hadi akakohoa. Ile yenyewe niliikuta dakika kumi baadaye, juu zaidi, na ndiyo hiyo ya kijivu niliyokwambia. Haitarudi kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo nimeitazama mpaka ikazama.

Mzee huyo tunajuana tangu mwaka jana. Unakumbuka nilivyolalamika juu ya ile nyotamkia nyingine, Tsuchinshan-ATLAS? Ile iliyoonwa mwanzoni mwa 2023 na Wachina, kisha na darubini ya ATLAS iliyopo Sutherland, Afrika Kusini? Ilitupita tarehe 12 Oktoba 2024, kilomita kama milioni 71, na kila mtu anaandika kwamba usikose. Tarehe 14 nikasimama Kirumba, hapo mjini Mwanza, taa za soko la dagaa machoni, nikamwona Zuhura vizuri sana, na kulia kwake kitu kama mchirizi wa chaki iliyofutwa vibaya. Mgongoni kwangu mwezi ulikuwa karibu kujaa, umemwaga maziwa mbingu nzima. Nikajiambia kosa ni taa za mjini. Tarehe 17 nikapanda bodaboda hadi Igombe, darubini imelazwa mapajani, miguu yake mitatu inamchoma dereva mgongoni.

Nilikuta mitumbwi yote imevutwa juu, watu wanacheza drafti. Mzee akaniuliza natafuta nini, nikamweleza. Akatazama mwezi, umejaa kama sinia. "Leo mbalamwezi," akasema. "Kama dagaa haji, na hiyo yako haiji."

Bahati, nimesoma vitabu vya nyota miaka sita na hakuna aliyeniambia kwa maneno machache hivyo. Dagaa hufuata taa kwa sababu kwingine kote ni giza. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mtumbwi inakosa maana, samaki wanatawanyika, mvuvi anakaa nyumbani. Mkia wa nyotamkia nao ni vumbi na gesi vilivyotandazwa mamilioni ya kilomita, mwanga mwembamba uliosambaa. Anga ikiwa nyeupe, unamezwa.

Basi nauli nilishalipa. Kwa hasira nikageuza darubini kaskazini, juu, nikaielekeza kwenye Albireo. Kwa macho ni nyota moja ya kawaida tu. Kwa lenzi yangu ya milimita 70 zikawa mbili: moja njano kama kiini cha yai la kienyeji, nyingine buluu, ndogo, imejibanza pembeni. Mwezi haukuzidhuru hata kidogo, kwa sababu mwanga wa nyota umekusanyika kwenye nukta moja, haukusambaa kama wa mkia. Mzee akaja kuchungulia, halafu vijana wa drafti, drafti ikavunjika.

Nikawaonyesha mchezo wangu. Darubini yangu haina mota, ukiiacha dunia inazunguka na nyota zinatoka pembeni ya duara la kioo. Unashika saa ya simu: inatoka ya kwanza, unabonyeza, inatoka ya pili, unabonyeza. Sekunde 2 hivi. Nikarudia mara kumi, kijana mmoja anaandika kwenye boksi la sigara. Nafasi yenyewe kati yake ni kama sehemu moja ya 50 ya upana wa mwezi, nasi tumeipima kwa simu iliyopasuka kioo.

Tangu siku hiyo kalenda yangu ni mwalo. Wavuvi wakitoka, nami natafuta nyotamkia na vitu vya angani vinavyofifia kama ukungu. Wakilala, nachukua nyota maradufu, zile za wawili wawili kama Albireo. Mwezi utajaa keshokutwa, kwa hiyo wiki hii ni ya maradufu, mvua za vuli zikiruhusu. Hazijaruhusu. Ukiongeza na vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama nguzo ya moshi na kuishia kwenye lenzi, utaelewa kwa nini nina muda wa kuandika barua.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Desemba 1689 padri Mjesuiti aitwaye Jean Richaud alikuwa Pondicherry, India, anafuatilia nyotamkia kwa darubini. Nyota ya Alfa Sentauri, ile inayong'aa kuliko zote karibu na Msalaba wa Kusini, ikaingia machoni pake, akaona si moja, ni mbili. Alikwenda kutafuta kitu cha kupita, akakuta wawili wanaozungukana tangu zamani.

Nilimweleza mzee. Akauliza nani anamzunguka mwenzake. Nikamwambia hakuna, wote wawili wanazunguka mahali patupu katikati yao, kama watoto walioshikana mikono, na mzunguko mmoja ni miaka 80 hivi. Mwaka 2016 walikuwa karibu kabisa kwa jinsi tunavyowaona sisi, sasa wanaachana. Akanyamaza akihesabu kwa vidole. Yeye ana miaka 78 kwa hesabu yake mwenyewe. "Basi," akasema, "siku nazaliwa walikuwa wamekaa karibu na hapohapo walipo leo." Kisha akarudi kwenye nyavu zake, mimi nikashindwa hata kuendelea na habari za umbali.

Hajawaona bado kwa darubini. Tulipokutana Oktoba walikuwa wanazama mapema na jua. Lakini Krismasi alfajiri watakuwa wameshachomoza, kusini-mashariki, na mwezi utakuwa umeshazama zamani. Nimemwahidi kumgongea mlango saa 11. Ukifika tarehe 23 tutakwenda wote. Uje na koti, upepo wa alfajiri hapa si wa kuchezea, na ile tochi yako kali uiache hukohuko Dodoma. Zabibu usiache.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Masanja