Tikiti hukatwa mwisho: barua kwa wifi yangu mweka hazina

Wifi,

Hongera kwa kukabidhiwa daftari la chama. Nasikia mnataka kumchangia yule binti wa Nyalenda aliyekwama Riyadh, na kadi za mchango zinaenda kuchapishwa. Zisimamishe kwanza. Katika shughuli hii pesa ya tikiti ndiyo rahisi. Kinachowafunga wasichana kule ni karatasi, na tikiti ikitangulia karatasi, pesa yake imepotea.

Mfanyakazi wa nyumbani haondoki Saudi Arabia kwa pasipoti na tikiti peke yake. Anahitaji viza ya kutoka, ile wanayoiita khuruji, na anayeiomba ni mwajiri kupitia mfumo wa serikali wa Absher. Mageuzi ya kazi ya mwaka 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengine kuiomba wenyewe, hayakuwagusa watumishi wa nyumbani. Viza hiyo ikitoka ina siku 60 tu. Mwajiri akigoma, au akiwa ameshamripoti kuwa ametoroka kazi (hiyo wanaiita huroob), mnaweza kukata tikiti kumi na bado akarudishwa kwenye dawati la uhamiaji pale uwanja wa ndege.

Basi muulizeni binti: mkataba uko wapi, iqama (kibali chake cha kuishi kule) bado iko hai, pasipoti anayo nani? Mkataba wa kawaida ni wa miaka 2, na akiumaliza tikiti ya kurudi ni ya mwajiri. Kama ameumaliza, mtakuwa mnamlipia tajiri deni lake kwa jasho la mama mboga wa Kibuye. Wakala aliyempeleka naye ana wajibu. Angalieni kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mwandikieni barua, na nakala iende kwa ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Iwe na jina la binti kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari za pasipoti na iqama, simu ya mwajiri, mji na mtaa. Barua ya "dada yetu anateseka" haimpi afisa pa kuanzia. Pasipoti ikiwa imeshikwa, ubalozi unaweza kumtolea hati ya dharura ya kusafiria, lakini khuruji bado itahitajika. Saa zao na zetu ni zile zile, ila ofisi za kule hufungwa Ijumaa na Jumamosi, zikafunguliwa Jumapili. Anayefuatilia atapiga simu watu wakiwa ibadani. Mungu ataelewa.

Na tafadhali, msisambaze video inayotaja jina la mwajiri au kuonyesha nyumba yake. Sheria za mtandao za kule ni kali, na atakayeshtakiwa ni yeye aliye ndani, si nyinyi. Picha ya pasipoti nayo isipite kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa pesa. Usikusanyie kwenye simu yako. Laini ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000, lakini hata mchango ukiwa mdogo, ukichanganyika na pesa yako ya omena, baada ya wiki mbili hata wewe hutajua ipi ni ipi. Tumieni akaunti ya benki ya chama yenye sahihi mbili kati ya tatu, na nambari ya paybill iliyounganishwa nayo. Benki itadai cheti cha usajili wa kikundi (sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10) na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Kikao hicho hicho kiandike pesa ikibaki itafanya nini. Msipoandika sasa, mtagombana baadaye.

Siku ya harambee, ahadi ipate safu yake daftarini na pesa iliyoingia safu yake. Mshereheshaji hupenda kuzijumlisha pamoja ili watu wapige makofi. Chunga hasa ule mnada wa jogoo: wa kwanza ananunua na kumrudisha, wa pili vivyo hivyo, wa tatu anaondoka na jogoo kwapani na kuacha ahadi. Kila mnunuzi andika jina, kiasi, na kama amelipa papo hapo.

Msimtumie nauli mkononi. Kuchukua pesa kwa wakala wa kutuma pesa kule kunataka iqama iliyo hai. Ikiwa imeisha, pesa itapitia jina la rafiki, na hapo hamna tena mnachoweza kufuatilia. Khuruji ikishaonekana, kateni tikiti hapa Kisumu kwa mhudumu anayetoa risiti, jina lilingane na hati herufi kwa herufi. Kama anasafiria hati ya dharura, uliza kwanza shirika la ndege kama litaikubali kwenye kituo cha kubadilisha ndege. Kisha tenga nauli ya kutoka Nairobi hadi nyumbani, koti (wengi hushuka na nguo waliyovaa tu), na ada ya hospitali. Asiulizwe maswali ya kamati kabla hajamwona daktari.

Nambari ya ubalozi itafute leo, Jumapili ndiyo ya kupiga.

Wifi yako