Salamu za Shukrani: Kwa Wote Mliomsindikiza Baba Yetu, Mpiganaji wa Vita vya Kagera

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu baba yetu, mkulima wa kahawa wa Mbinga na mgambo aliyepigana Vita vya Kagera, tunatoa shukrani za dhati kwenu nyote mliokuwa nasi kwa hali na mali tangu alipolazwa hospitali hadi tulipomlaza kwenye nyumba yake ya milele. Mliochanga, mliosafiri usiku kucha, mliopika na kuchota maji, vijana mliochimba kaburi kwenye udongo ule wa mawe: Mungu awazidishie pale mlipopunguza. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Daftari la rambirambi peke yake lingejaza ukurasa huu.

Tunamshukuru Paroko, wanajumuiya, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), kwaya, uongozi wa kijiji, waganga na wauguzi, na wakwe zetu waliofika na gunia zima la maharage. Watani nao asanteni, ingawa mlishuka kaburini mkagoma kutoka mpaka mlipwe. Marehemu angecheka sana.

Wapo wageni ambao lazima tuwaseme kwa kirefu. Usiku wa kuamkia mazishi liliingia gari kutoka Misenyi, Kagera, likiwa limeleta ujumbe ulioongozwa na bibi mmoja ambaye wengi wetu tulikuwa tukiisikia sauti yake tu kwenye simu ya baba. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kulikalia eneo lote hadi Mto Kagera, bibi huyu alikuwa msichana. Kwao walikimbia wakaacha nyumba, migomba na ng'ombe. Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Baba wakati huo alikuwa na jembe lake huku Mbinga, akaisikia redioni hotuba ya Mwalimu Nyerere, ile ya uwezo, sababu na nia. Haukupita muda akaitwa, akaaga, akaondoka.

Bibi alitusimulia kwenye matanga kwamba waliporudi kwao walikuta nyumba haina hata bati moja, na askari wetu wamepiga kambi migombani. Baba alikuwa mmoja wa walioshika nyundo kuiezeka upya. Mama yake bibi akampikia ndizi, akamwita mwanangu, na tangu hapo zikawa barua, baadaye simu, mpaka wazee wa pande zote mbili wakaondoka mmoja mmoja. Baada ya kusema hayo alifungua fundo la kanga yake, akatoa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akatugawia wafiwa punje chache chache, kama anavyokaribishwa mgeni kwa Wahaya. Sisi tuliokulia kwenye mibuni hatukuwahi kuelewa kwa nini baba aliweka kahawa mfukoni mwa koti na kuitafuna hata kanisani. Mama alikuwa akimkanyaga mguu. Kumbe alikuwa akitumiwa vifurushi kutoka Misenyi miaka yote hiyo.

Wazee wenzake waliokwenda vitani, asanteni kwa saluti mliyompigia pale kaburini, wengine mkiwa mmeshikilia mikongojo. Mlitueleza mambo ambayo yeye hakutueleza: Mutukula pale mpakani Januari 1979, mwendo wa miguu kuelekea mji wa Masaka ndani ya Uganda, majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin pale Lukaya, Waganda waliokuwa uhamishoni wakapigana bega kwa bega nanyi, hadi Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili. Tumepokea pia salamu za mzee mmoja wa Masaka, aliyesema kwamba siku ile watu wa Kampala waliimba barabarani. Tunamshukuru kwa moyo, maana mji wake uliharibiwa vibaya na mizinga yetu, na baba hakupenda kabisa kuizungumzia Masaka. Hatutampamba kwa hilo sasa hivi kwa sababu tu amekufa.

Kuitwa mkombozi pia hakukubali. Alisema wakombozi wako Kaboya, kule Muleba, wanakolala askari zaidi ya 600 wa vita ile. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa koti, akakaa karibu na redio, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupiga kelele. Kwa hiyo familia imekubaliana kwamba rambirambi iliyobaki isigawanywe. Itatupeleka Kaboya Julai ijayo kuweka mashada. Yeyote mwenye ndugu aliyezikwa pale na hana nauli ya kufika, atuletee jina lake, tutaweka shada kwa niaba yake. Tunawaomba hasa jamaa wa mgambo, kwa kuwa wengi wao walirudi kimya kimya kwenye majembe yao, na vijana wa leo hawajui hata kama walikwenda.

Misa ya arobaini itafanyika nyumbani, na Paroko atatangaza siku kanisani. Mwenye turubai la bluu na sufuria mbili kubwa zilizoandikwa herufi M kwa rangi nyekundu, viko kwa mwenyekiti wa kijiji, vimeoshwa.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Familia ya marehemu, Mbinga, Ruvuma